Jinsi Gitaa la Tihomir Lilivyonguruma Mbele ya Kumu

Sogezeni viti, enyi waungwana, na mwenye uma mkononi aushushe, maana nawasimulia vita visivyomwaga damu ila mchuzi: vita vya Tihomir, bwana wa nyuzi nne nene, dhidi ya adui asiyeonekana, ndani ya hema la arusi kijijini Zlatovac, mchana kweupe. Nilikuwepo. Nilikaa nyuma yake na ngoma zangu, na aliyemwona shujaa kisogoni ameona mengi.

Gitaa lake la besi lilikuwa jekundu, na tumboni mwake mlikaa betri na kidude cha kukuza sauti, chenye sikio jepesi kuliko la jirani mmbea. Basi ikawa, kila wimbo ulipofika mahali patamu, ikatoka katika spika ngurumo ya kuchafua roho: trrr-ta-ta-ta, trrr-ta-ta-ta! Wacheza kolo, ile ngoma ya kushikana mikono kwa duara, wakakanyagana. Mama wa bwana arusi akajishika kifua.

Gvozden wa Kodiani, kiongozi wetu, mwenye masharubu mazito na subira nyepesi, akamgeukia.

"We Tihomir! Unapiga besi au unakaanga bisi?"

"Si mimi, kaka. Ni simu ya mtu; ikipigwa, gitaa linaidaka na kunguruma."

"Kila siku si wewe! Sasa sikiliza. Likinguruma tena, arusi ijayo usijisumbue kuja. Ranko atapiga besi kwa mkono wa kushoto."

Ranko, mpiga kinanda, akauinua mkono huo na kuvichezesha vidole ili wote tuuone. Nilimwonea Tihomir huruma, nasema wazi. Siku za kazi alikuwa muuza matairi kama wauza matairi wengine. Ni kwenye arusi tu, gitaa likiwa begani, ndipo watu walipomwita kwa jina.

Lakini shujaa ana macho. Akaona kwamba kila ngurumo ilifuatwa na jambo moja: kumu Svetozar, msimamizi mkuu wa arusi, aliyekaa pembeni ya spika kubwa, aliingiza mkono kotini, akatoa simu kuukuu ya vitufe, akatoka nje mbio.

"Ni ya kumu," Tihomir akanong'ona. "Mwombe aizime."

"Nimwombe kumu?" Gvozden akajifanyia ishara ya msalaba. "Una wazimu? Kumu akitaka kuleta punda mezani, punda anawekewa kiti! Pambana na gitaa lako."

Naam, akapambana. Supu ilipoletwa na bendi ikapumzika, Tihomir alilibeba gitaa kama majeruhi hadi jikoni, kwa shangazi Milunka, malkia wa masufuria, ambaye mwanakondoo wake wa kuoka alikuwa amefunikwa foili ya kung'aa.

"Shangazi, nipe ngao ile."

"Ngao gani? Hiyo foili ya nyama yangu! Umeshalewa, mwanangu, na supu haijaisha?"

"Nikiikosa, Ranko ananichukulia nafasi."

"Ranko yule aliyesema sarma zangu za nyama na kabichi zina chumvi?" Shangazi akaichana foili kwa mikono miwili. "Chukua yote!"

Kwa bisibisi Tihomir akalifungua tumbo la gitaa, akalitandika foili yenye mafuta, akafunga. Akajaribu. Kimya! Gitaa halikunguruma, wala halikulia kabisa, kwa kuwa foili iligusa waya usiopaswa kuguswa. Jasho likamtoka. Ndipo Milunka akaibandua plasta aliyojifunga kidoleni alipokatwa na kisu cha kabichi, na plasta hiyo ikautenga waya na foili. Dum! likasema gitaa, safi, likinukia nyama choma.

Loo, jinsi tulivyopiga baada ya hapo! Nyimbo zikatiririka bila doa. Gvozden akatabasamu hadi masharubu yakapanda, na Tihomir akafumba macho kwa raha.

Ghafla kumu akasimama, simu mkononi, uso mwekundu. Muziki ukakatika.

"Kijana wangu amepiga kutoka Linz, huko ughaibuni, amepiga tena na tena, nami sijui! Mkwe wangu yuko hospitali anajifungua! Masikio yangu haya, na kelele hizi, nitaisikiaje simu? Nilikuwa nalisikiliza gitaa. Likinguruma, natoka. Nani kalinyamazisha?"

"Tumelitengeneza, bwana kumu," Gvozden akaanza kwa majivuno, kisha akaona ule uso. "Yaani, yeye kalitengeneza."

Tihomir akapiga hatua mbele. Hakujitetea. Alilifungua gitaa mbele ya hema zima, akaing'oa ngao yake aliyoihangaikia, akapandisha sauti hadi mwisho. Kumu akaiweka simu juu ya spika. Bibi arusi akazuia pumzi. Hata Milunka alitoka jikoni na mwiko wake. Sijawahi kuona umati wa arusi ukilikodolea macho gitaa ambalo hakuna aliyelipiga.

Trrr-ta-ta-ta. Trrr-ta-ta-ta!

"Pokea, kumu, pokea!" tukapiga kelele.

Akapokea. Akasikiliza, kiganja kikiziba sikio la pili.

"Msichana," akasema. "Wazima wote wawili."

Hema likalipuka. Kumu akamkumbatia Tihomir pamoja na gitaa lake, machozi na rakija, ile pombe kali ya matunda, vikichuruzika juu ya nyuzi, akatangaza, na neno la kumu halipingwi: "Bendi hii isithubutu kukanyaga arusi yoyote ya ukoo wangu bila gitaa hili! We wa kinanda, chako kinaweza hivyo?"

Basi na ikumbukwe Zlatovac kizazi kwa kizazi, watoto wahesabu umri wao tangu siku ile besi ilipotangaza uzao. Tihomir wa Ngurumo akalirudisha gitaa begani, na jina lake likaitwa kutoka kila meza. Ranko akautia mkono wake wa kushoto mfukoni.