Mwenza wa Vega

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Asante Mungu kwa Malaba, mji wetu wa mpakani, hata na malori yake. Madam Brigid, mwalimu wa shule ya Moding anayeongoza klabu yetu ya nyota, ametupa kazi. Kuna nyota jirani zinazolizidi jua uzito, ila si majitu. Tutafute kama zina wenza wadogo waliojibana karibu nazo. Mimi na Omuse, mwanaklabu mwenzangu, tumepewa Vega na Altair. Atakayefanya vizuri ataenda Nairobi wiki nzima kutumia darubini kubwa. Nimeota hilo tangu darasa la sita. Omuse haipati nafasi hiyo hata kwa dawa.

Jumanne
Niko juu ya paa la gesti ninayosimamia. Vumbi la malori balaa. Nimefunika lenzi ya kuchungulia ya darubini yangu kwa nailoni ya mkate, nikaikaza na mpira. Taa za foleni ya malori nazo zinanipofusha. Zilpa, muuza chai wa hapo chini, akawatangazia madereva kwamba atakayezima taa atahudumiwa kwanza. Wakazima wote. Ubarikiwe, dada Zilpa. Kulia kwa Vega, kinukta!

Jumatano
Altair pia ina mwenza. Kulia. Umbali uleule. Neema juu ya neema. Zilpa ameuliza mbona vyote viko kulia. Nimemwambia aangalie chai yake. Omuse alipopiga simu nilisema Malaba ni mawingu matupu. Mungu anisamehe.

Alhamisi
Nimepeleka ripoti Moding. Madam amesoma, kisha akamwomba Omuse aje kuthibitisha. Jamaa amekubali haraka mno.

Ijumaa
Omuse hakubishana. Alizungusha nailoni kwenye lenzi yangu polepole. Mwenza wa Vega akazunguka nayo, akapanda juu, akatokea kushoto. Akasema kwa upole, boss, huo ni mkunjo wa nailoni. Akaitoa. Vega ikabaki peke yake, safi kabisa.

Nimelia, sifichi. Nairobi anaenda yeye. Katika ripoti yake aliandika kwamba hakuona mwenza yeyote, na Madam anasema hiyo ndiyo kazi safi. Nikamwungamia Omuse uongo wa mawingu. Akacheka, akafungua mkoba, akanipa lenzi yake ya akiba. Sijui nimshukuru vipi.

Jumapili
Kanisani nimesimama kutoa shukrani kwa ajili ya Omuse. Zawadi ya mtu kama huyo siwezi kuiacha iliwe na vumbi. Nimeifunika nailoni, safari hii mbili, kwa heshima yake.

Jioni nimechungulia Vega. Ina wenza wawili! Omuse bado hajasafiri. Nimeshampigia Madam.