Ikram Kaniibia Nyota

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kang'ata.
Tangazo limebandikwa dukani kwa Hiza. Jumamosi kuna shindano la waimbaji uwanjani Korogwe. Mshindi anarekodiwa wimbo studio, bure. Miaka sita naimba kwenye harusi za watu kwa sahani ya pilau. Sasa basi. Tatizo ni Ikram, binti wa shangazi yangu, anayeniitikia. Nyimbo natunga mimi, baiskeli naendesha mimi, yeye kakaa nyuma tu. Halafu anatunzwa yeye.

Jumatano, 5 Juni.
Nimemwambia Ikram shindano ni Jumapili. Kasema, "Sawa, kaka," akaendelea kupukuchua mahindi. Shangazi akanipa kuku nikamuuze, nipate nauli yetu wawili. Niliona aibu kidogo. Nikamuuza.

Jumamosi, 8 Juni. Korogwe.
Sina hamu. Nilipanda jukwaani wa nne, shati la kung'aa, muziki kwenye flashi. Ubeti wa kwanza haujaisha, umeme ukakatika. Nikaendelea hivyo hivyo. Sauti ikapanda juu, ikagoma kushuka. Watu wakacheka. Mara katikati yao mtu akaudaka wimbo. Ikram! Kumbe alisoma tangazo, akadhani nimekosea siku, akanitafuta tangu asubuhi aniwahishe. Aliimba mpaka mwisho bila kipaza sauti. Jaji, mwalimu wa kwaya aitwaye Fausta, akampa Ikram ushindi, akasema, "Wimbo umempata mwenyewe."
Mwenyewe ni mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 10 Juni.
Nimedamka kwenda studio. Nikamwambia Godlisten, mrekodi wa pale, kwamba Ikram anaumwa, mimi ni meneja wake, nitarekodi kwa niaba yake. Akanisikiliza vizuri sana, kisha akafungua mlango wa ndani. Ikram yuko humo, amevaa visikilizio, ananipungia mkono. Kafika kabla yangu. Godlisten akasema naweza kukaa, mradi nisikohoe.

Alhamisi, 27 Juni. Kang'ata.
Wimbo uko redioni. Hata wachungaji wa ng'ombe wanapita nao kwenye simu. Mtangazaji kamwuliza Ikram nani alimfundisha. Kajibu ni kaka yake Semboja, aliyeutunga wimbo na kumpakia baiskeli kwenda kuimba tangu akiwa darasa la sita. Mama akalia. Mimi nimekereka. Msanii hatajwi pamoja na baiskeli.

Jumapili, 30 Juni.
Ikram kapiga simu. Ana onyesho Tanga mwezi ujao, anataka tupande jukwaani wote, niimbe ubeti wa pili. Kasema, "Kaka, peke yangu naogopa." Nimeelewa. Bila mimi hawezi. Nikamjibu nitafikiria, nikakata. Mama kaniambia nimpigie leo hii, kabla hawajatafuta mwingine. Mama hajui biashara ya muziki. Mtu mkubwa habebwi kirahisi, anabembelezwa. Nitamwacha wiki tatu.
Simu nimeizima.