Mashine ya Kumkalisha Baba Mezani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shangazi mpendwa, umesema utatununulia mashine ya kahawa, nichague mimi, na nikuandikie ninayoyaona. Naahidi kuandika yote. Hata ya kuniaibisha, maana nikiyaruka Dada atakupigia simu.

Hali ni hii. Kila asubuhi kaka yako anavaa viatu kabla sisi hatujakaa, anakwenda kunywa kahawa kwenye mgahawa wa kona. Mama anasema nimwache, ndivyo alivyo tangu zamani. Mimi sikubali. Nataka anywe na sisi, hata mara moja kwa wiki. Kahawa ikiwa nzuri nyumbani, aende kona kutafuta nini? Nitaazima mashine za majirani, nizijaribu moja moja. Mwalimu wetu wa sayansi anasema jaribio la haki hubadilisha kitu kimoja tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeazima birika la chuma la fundi cherehani, lile la kuweka jikoni, maji yakapanda juu yenyewe. Tatizo: fundi amekuja nalo! Anasema birika lake halilali nje bila mwenyewe. Alifika alfajiri, akakaa kwenye kiti cha Baba, akatusimulia wateja wote wasiokuja kuchukua nguo zao. Wako wengi. Kahawa ilitoka nyeusi kama lami. Baba alichungulia, akauliza kama kuna msiba, akaondoka.

Dada ameniambia pole, Profesa. Sikumjibu. Nimemjibu hapa: na yeye pole.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo birika la kioo la muuguzi wa mlango wa pili, lenye kichujio cha kusukuma kwenda chini. Muuguzi naye kaja na chombo chake, katoka zamu ya usiku, hana usingizi. Fundi kaja tena, kuona kama birika lake limeshindwa. Wakakwaruzana. Fundi akasema kahawa isiyochemka ni maji yaliyotishwa tu. Muuguzi akasema kahawa ya kuchemsha hivyo angeipokea hospitalini akaifunika shuka. Mama alicheka mpaka akashika meza.

Mimi nilisukuma kwa nguvu. Mwalimu hakutufundisha kusukuma. Kahawa iliruka, ikatua kwenye shati la Baba aliyekuwa anapita kimyakimya kuelekea mlangoni. Akabadili shati, akaenda kona.

Hata hivyo kahawa ya nyumbani imemfikia Baba. Haya ni maendeleo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilimkuta mlangoni, viatu mkononi, ananyata kama mwizi ndani ya nyumba yake! Nikamwomba kwa adabu zote. Akakaa. Akakaa, Shangazi! Nikamfunga macho kwa kitambaa ili asipendelee, nikampa kikombe cha fundi, kisha cha muuguzi. Wenye mabirika walikuwepo, na muuguzi alileta mwenzake wa zamu awe shahidi. Dada alitangaza kama mpira wa redioni.

Baba akasema vyote vizuri. Fundi akataka kujua vizuri namna gani. Muuguzi akamwambia asiogope, aseme ukweli. Shahidi akasema ameona uso wake ukikunjika kwenye kikombe cha kwanza. Fundi akamuuliza yeye ni nani hasa katika nyumba hii. Wakati wanaelezana, Baba alitoka. Kitambaa nilikikuta kwenye ngazi.

Mama aliniita pembeni. Akaniuliza taratibu kama nimewahi kuona Baba anapenda nini. Nikamwambia ndiyo, kahawa. Akaenda kuosha vikombe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo hakuna shule. Nimemfuata Baba mpaka kona, kwa utafiti. Alikaa peke yake mezani karibu na ukuta. Hasomi. Haongei na mtu. Nilipotokea alishtuka, kisha akanivutia kiti bila kusema neno. Tukakaa hivyohivyo. Alinipa nusu ya mkate wake. Sijui nieleze vipi, lakini nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani.

Halafu nikakumbuka utafiti. Nikamuuliza kahawa hii inachujwa au inachemshwa, na kama ni kali, na kwa nini hapa na si nyumbani. Akajibu kuwa hapa hakuna anayemuuliza kitu. Nikaliandika jibu lake, nikamuuliza maswali yaliyobaki.

Na sasa ugunduzi mkubwa! Kikombe chake kilikuwa kimejaa mpaka juu, kimepoa. Mhudumu akaniambia ni kawaida yake: anaagiza, anakaa, anaondoka, kahawa inamwagwa. Shangazi, unaona? Kumbe kahawa ya pale ni mbovu, hainyweki! Baba wa watu anavumilia tu. Kumshinda mhudumu yule ni kazi ndogo.

Nimeshachagua. Nataka ile kubwa ya umeme iliyo dirishani kwenye duka la vyombo, inayosaga buni yenyewe na kutoa vikombe kumi na viwili kwa mara moja. Fundi, muuguzi na shahidi wameshaahidi kuja kila asubuhi kumchangamsha Baba. Nijibu upesi, kwa barua ya kwanza inayotoka huko: mngurumo wa mashine ile unatosha kumwamsha Baba kabla hajatafuta viatu, au tuiweke chumbani kwake kabisa?