Sauti ya Ndani na Suruali ya Karani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako Sauti yangu ya Ndani,

Salamu nyingi sana. Natumaini u mzima huko ndani uliko na hewa unapata. Mimi huku nje sijambo, ila mgongo tu, na huo ni wa kazi.

Usishangae kuandikiwa. Mwalimu wetu wa kikundi cha sala ya ukimya, yule mama muuguzi aliyestaafu, ametuagiza kila mtu anunue daftari akuandikie kila siku, kama unavyomwandikia ndugu aliye mbali. Wenzangu wamenunua la kurasa arobaini. Mimi la mia mbili. Najua tuna mengi.

Somo la leo: ndani ya mtu mna sauti mbili. Moja ni wewe. Nyingine ni Shaka. Nimenakili neno kwa neno: Sauti husema kidogo, hurudia, wala haibembelezi. Shaka huja na maneno mengi na sababu nyingi. Nimepigia mstari mara mbili. Nadhani nimeelewa kuliko wote, maana nilikuwa natikisa kichwa mfululizo mpaka Mwalimu akaniuliza kama shingo inaniuma.

Habari kubwa: Mwalimu anahamia kwa mwanawe. Jumapili tunachagua wa kuongoza ukimya. Namna yetu ni kukaa kimya, kila mtu anasubiri jina limjie, kisha tunasema. Tunaotajwa ni wawili. Mimi, dobi, miaka saba katika ukimya. Na Karani wa ofisi ya maji, miaka mitatu, ambaye nimeshamsikia akikoroma katikati ya sala. Sishindani naye. Nasema tu.

Jioni Karani huyohuyo kaniletea suti. Binti yake wa pekee anaolewa Jumamosi. Suti ya kijivu, ya sufu, aliyochaguliwa na marehemu mkewe mwaka ule alioanza kuugua. Tangu amzike hajaivaa. Akasema angempa dobi mwingine asingelala. Nikamwambia alale.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Sauti, mwandiko umepinda, soma hivyohivyo.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi suruali ya Karani. Mwalimu anasema ukimya si wa kwenye mkeka tu, hata kazini mtu anaweza kuzama. Nikazama. Macho nimefumba, mkono juu ya pasi, pumzi polepole. Raha!

Ghafla neno likanijia: Pasi.

Nikamtambua papo hapo. Shaka huyo, anataka kunitoa kwenye utulivu kwa mambo ya dunia. Nikampuuza. Likarudi: Pasi. Nikampuuza tena, kwa upole, kama tulivyofundishwa. Mara ya tatu likaja pamoja na harufu. Hapo nikajipongeza. Majaribu makubwa namna hii huwapata waliofika mbali.

Aliyeinyanyua pasi ni mke wangu.

Alama iko makalioni. Pasi nzima, hadi ncha, rangi ya kahawia. Mtu akikaa haionekani. Lakini baba wa bibi harusi hakai.

Mke wangu hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema niende kwa Karani sasa hivi. Siku zipo, mtu anaweza kutafuta suruali nyingine. Mwambie, akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Nikaenda nyuma ya duka nikakaa kimya nikuulize wewe. Nikasikia: Mwambie. Neno moja tu. Nusura nidanganyike! Lakini neno lilelile la mke wangu? Huyo ni Shaka, amejifunza kuiga. Nikaendelea kusubiri. Baada ya nusu saa ukaja wewe mwenyewe, Sauti, na maelezo marefu na mazuri: kwamba Karani ana mengi wiki hii, kwamba kumwambia ni kumwongezea mzigo, kwamba mtu wa miaka saba hakosi njia, kwamba kiongozi mtarajiwa ana jina la kulinda, na kwamba yuko fundi cherehani pale kona. Sababu tano! Nilishukuru mpaka machozi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kwa fundi cherehani. Aliigeuza suruali huku na huku, akauliza kama niliikalia pasi au pasi ndiyo iliyonikalia. Sikucheka. Nilimwambia hii ni kazi ya kiroho. Akasema kwa hiyo atahitaji uzi wa kiroho, yeye ana wa kawaida.

Hata hivyo ni fundi. Akakata palipoungua, akatia kiraka cha kijivu, akashona kwa mkono. Ndani ya kibanda chake huoni chochote. Rangi moja! Nikatoka nje kifua mbele, nikaikunjua juani niitazame tena.

Kijani.

Kijani kabisa, kama mtu aliyekalia majani mabichi. Nikarudi ndani: kijivu. Nikatoka: kijani. Watu wa kibanda cha jirani walianza kuhesabu safari zangu. Fundi akaniuliza kwani harusi ni ya nje. Nikasema ni ya nje, uwanjani, mchana. Akafikiri. Akasema basi mwambie.

Nikauliza nimwambie nini.

“Mwambie asigeuke.”

Nilipokuwa narudi, Shaka akanifuata njia nzima. Mwambie. Mwambie. Hana hata neno jingine, maskini. Nikamlinganisha na wewe, unavyojieleza vizuri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilipoamka ulikuwa umeshafika. Umesema: suruali ikiwa nyeusi yote, kiraka kitaonekana wapi? Nimeshangaa mimi mwenyewe sikuwaza hilo.

Nikachemsha maji, nikatia rangi. Shaka akanitokea pale kwenye sufuria. Akasema: Sufu. Nikamjibu kwa sauti kwamba mimi ni dobi wa miaka ishirini na sita, asinifundishe kazi. Mke wangu akauliza naongea na nani. Nikamwambia si yeye.

Kila dobi duniani anajua sufu haiwekwi katika maji ya moto. Hilo nalijua tangu wiki yangu ya kwanza kazini. Lakini leo sikuwa naongozwa na ujuzi wa kibinadamu.

Matokeo: kiraka hakionekani! Hata kwenye jua. Nyeusi tii, pande zote. Ila suruali imesinyaa. Nimeipima kwenye mguu wangu, na mimi ni mfupi kuliko Karani kwa vidole vinne. Imeishia katikati ya muundi. Mke wangu aliitazama ikining'inia kwenye kamba, akaniuliza Karani ana watoto wangapi wa kiume. Hakusubiri jibu.

Jioni tulikuwa na sala. Mwalimu akarudia somo: uongozi wa ndani mara nyingi hukuomba jambo moja dogo ambalo hulitaki. Nikatikisa kichwa sana, nikamtazama Karani kama naye anasikia. Karani akasimama, akasema mbele ya wote kwamba wiki hii moyo wake umetulia kwa sababu suti yake iko kwa ndugu yake dobi. Watu wote wakanigeukia, wakatabasamu. Nikafumba macho upesi. Walidhani nimezama.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Karani alikuja kuchukua suti saa nne asubuhi. Nikamwambia nimeoneshwa katika ukimya kwamba nguo hii ipumzike hadi kesho. Akakubali. Hakuuliza hata nguo hupumzikaje. Mtu mwenye imani namna hiyo anatia huruma.

Basi nikaona njia imefunguka, nikaongeza. Nikamwambia nimeoneshwa pia kwamba kesho asivae kijivu. Avae rangi nyingine yoyote, hata kanzu, hata sare za ofisi ya maji.

Akavuta kigoda akakaa. Kisha akanieleza kitu ambacho hajamwambia mtu. Kwamba mwezi mzima amekuwa akiomba ajue kama mama wa binti atakuwapo siku hiyo, kwa namna yoyote ile. Na jibu lililomjia ni moja tu: vaa ile suti.

“Sasa sijui, ndugu yangu,” akasema. “Pengine ni moyo wangu tu unanidanganya. Wewe una miaka saba. Ukisema nisivae, sivai.”

Mwambie, Shaka akasema, na safari hii hakusema kwa nguvu. Alisema taratibu sana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilimtazama Karani, macho yake mekundu, mikono juu ya magoti kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Kisha nikawaza: nikimwambia sasa, nitamvurugia utulivu mkesha wa harusi ya mwanawe. Huo si upendo. Kwa ajili yake nikameza. Nikamwambia kwamba nitakuuliza wewe tena, nitampa jibu asubuhi.

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Alikuja saa mbili. Nilimwona kwa mbali akivuka barabara. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa kwenye kamba pale nyuma, nikaingia katikati yake. Si kujificha. Pana utulivu.

Nikamsikia mke wangu akimkaribisha, shemeji karibu, shemeji kaa. Nikasubiri amwambie nimetoka. Badala yake nikasikia akishusha kitu kwenye kamba, akasema moja kwa moja, bila hata kukohoa: suruali yako iliungua Jumanne, Jumatano ikatiwa kiraka, Alhamisi ikachemshwa, ndiyo hii, tusamehe shemeji. Sentensi moja! Wiki nzima ya juhudi zangu ameimaliza kwa sentensi moja.

Kimya. Ukimya mrefu kuliko wowote tuliowahi kukaa kikundini. Nilihesabu pumzi zangu nikafika thelathini.

Karani akauliza, “Koti je?”

“Koti halijaguswa, shemeji. Hili hapa.”

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuielewa, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema mkewe aliichagua suti kwa ajili ya koti. Suruali hakuipenda kamwe, siku zote alisema inamvaa mume badala ya mume kuivaa, na alikuwa amepanga kuigawa.

Akauliza niko wapi. Mke wangu akasema nyuma ya mashuka, anasali.

Karani akasogea. Niliviona viatu vyake chini ya shuka, vimepakwa rangi vinang'aa.

“Ndugu yangu,” akasema, “ungeniambia Jumanne, usiku wa jana ningelala.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Mke wangu, bila kuniuliza mimi wala wewe, akampa suruali yangu nyeusi ya sikukuu. Akaishusha upindo palepale, ikamkaa vizuri. Mimi nilikwenda harusini na ile ya kwake iliyosinyaa, kwa kuwa nyingine zote zilikuwa zimelowekwa. Nani aliziloweka siku ya harusi, sitaki kumtaja. Nilisimama nyuma ya watu mchana kutwa, soksi zote nje. Fundi cherehani alinipita akanong'ona nisigeuke.

Binti alipomwona baba yake na lile koti, aliweka uso wake kwenye bega la kulia, pale pale kwenye kola, akakaa hivyo muda. Nami, nakiri, nilifuta macho.

Nilijua basi kwamba uongozi wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Tazama kila kitu kilivyokwenda vizuri!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumechagua. Tulikaa kimya kama nusu saa. Kisha Mwalimu akaomba kila mtu aseme jina lililomjia. Wa kwanza: Karani. Wa pili: Karani. Hivyo hivyo mstari mzima. Mimi nilisema “dobi”, maana ndilo jina lililonijia, na mtu asimsaliti yule anayemwongoza.

Nikapata kura nyingine moja. Ya Karani.

Akaulizwa sababu. Akasema, “Huyu ndugu yangu anasikia kuliko sisi sote. Masikio anayo. Bado miguu.”

Watu wakacheka, hata Mwalimu. Sikuona cha kuchekesha. Nilichoshika ni kwamba amekiri hadharani juu ya masikio yangu. Miguu inahusikaje na sala ya kukaa, hilo atajua mwenyewe.

Mwalimu alipokuwa ananiaga alinishika bega, akaniuliza kwa upole lile neno dogo lilisema nini wiki hii. Nikamweleza kwamba Shaka alinisumbua mno, lakini sikumpa nafasi hata mara moja. Alinitazama. Akasema niendelee kuandika.

Basi naendelea. Tangu mchana nimekaa kwenye kona yangu nyuma ya duka, nimetulia kabisa, nakusubiri uniambie kama nianzishe kikundi changu mwenyewe. Nina sababu saba nimeshaziandika pembeni. Mke wangu yuko hapa mlangoni anakunja yale mashuka ya nyumba ya wageni peke yake, na ni makubwa, hukunjwa na watu wawili. Hajanisemesha tangu jana asubuhi.

Na huyu Shaka hanipi nafasi. Amekuja na neno jipya. Anasema: Inuka umsaidie, kisha umwombe radhi. Nimemwambia anyamaze. Amerudia. Nimehamia upande mwingine wa kona. Amerudia.

Sauti, mimi nimekuandikia wiki nzima, wewe hata mstari mmoja wa kwako sijauona. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi wako,
Dobi