Vihisio Vyote Vimeshtuka

Jumatatu, 3 Juni

Ajira ya kudumu hapa maabara ni moja. Tunaigombea wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Bosi ataamua Ijumaa. Mke wangu yuko kwa dada yake tangu tulipogombana. Nimeapa sipokei simu yake mpaka niajiriwe. Mwanamume habembelezi mke akiwa kibarua!

Kazi yenyewe: vihisio vya darubini itakayonasa eksirei kutoka angani. Maelfu, vidogo kama chembe za chumvi, ndani ya jokofu lenye baridi ya kutisha. Kila kimoja kikipewa waya wake, nyaya zitaingiza joto, kazi imeharibika. Kwa hiyo vinachangia waya mmoja, kila kihisio na mlio wake, nasi tunasikiliza kipi kimeguswa. Miwani ana jokofu lake, mimi langu. Mpaka sasa tumelingana. Balaa.

Jumanne, 4 Juni

Makubwa! Mchana Miwani kaenda kula, nikabaki nimeliinamia jokofu langu. Mara mstari wa skrini, unaoruka kihisio kikiguswa, ukachora mlima! Tena mwingine! Kwa Miwani, shwari kama maji mtungini. Nilitaka kushangilia, simu nayo ikanitetemekea mfukoni. Mke. Sikupokea.

Mlangoni wamebandika tangazo kwamba simu ziachwe nje. Hiyo ni ya wageni.

Jumatano, 5 Juni

Mchana, milima tena. Mke naye kapiga tena, hachagui wakati. Miwani akaniambia kwa upole nichunguze, maana eksirei moja hugusa kihisio kimoja, na kwangu vinashtuka vyote. Nikamwambia wivu hauna dawa. Akanung'unika kwamba sikio la kufa ndilo lisilo na dawa.

Nyumbani nimekula kiporo nimesimama. Nyumba imepoa kuliko jokofu.

Ijumaa, 7 Juni

Bosi kaja mchana. Akauliza kwa nini vihisio vyote vinaruka pamoja. Nikasema ni ushirikiano. Hakucheka. Papo hapo milima ikapanda, na mfuko wangu ukatetemeka. Akanitazama, akaniambia nipokee tu, mgeni huyo amebisha hodi wiki nzima.

Nikapokea mbele yao. Mke alisema alikuwa amefunga virago tangu Jumanne, anangoja nimwambie rudi. Leo shemeji kamtafutia kazi hukohuko, ameikubali. Hatanisumbua tena. Alipokata, skrini ikatulia.

Ajira kapewa Miwani. Nimelia chooni.

Jumatatu, 10 Juni

Nimebakishiwa mwezi mmoja, wa kufungasha vifaa. Mchana nimeikodolea macho skrini. Hakuna hata kilima. Inauma.

Nimpigie? Thubutu! Aliyekata ndiye apige.

Ila akili ninazo. Kesho Bosi anakagua jokofu la Miwani. Nimeificha simu yangu chini yake, nikaibana kwa utepe wa gundi. Milima itakayoota hapo, Miwani atajuta kuzaliwa!

Kilichobaki ni mke wangu kupiga tu.