Puto la Bwana Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Mkono umetetemeka tena asubuhi. Nimemkata mteja sikioni. Kidogo tu! Tone moja la damu, na bwana yule akapiga mayowe kana kwamba anachinjwa. Nikamwambia sikio lake ndilo limekaa vibaya. Akaondoka na nusu ya ndevu, akavuka barabara, akaingia kwa Maziwa.

Maziwa ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Tulimbandika jina hilo kwa sababu hanywi kitu kingine. Mtu mzima na kikombe cha maziwa! Na kazi nilimfundisha mimi, kwa mikono hii hii.

Baadaye nikapiga glasi yangu ya kwanza nyuma ya pazia. Mkono ukatulia tuli. Sasa nani anasema pombe inadhuru?

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kanikokota hospitali. Daktari, kijana ambaye hata ndevu hazijamkolea, kasema ini limevimba. Kasema mkono unatetemeka kwa kuwa mwili umezoea pombe, na ukiikosa unaidai. Nisiache ghafla peke yangu, nirudi kwake anisaidie kuacha pole pole. Ushauri mzuri. Nimechukua nusu yake: sitaacha ghafla.

Nyumbani, balaa. Mwanangu mkubwa anaoa Jumamosi. Babu alimnyoa baba siku ya harusi yake, baba akaninyoa mimi. Zamu ni yangu. Mtoto katamka mbele ya mama yake kwamba atanyolewa na Maziwa! Nimeumia, sitaficha. Nikafoka mpaka sauti ikakauka.

Mwishowe akalegea. Akanipa mtihani wa wanagenzi: puto linapakwa povu, kinyozi analinyoa kwa wembe bila kulipasua. Keshokutwa asubuhi, kabla sijaonja kitu. Puto likipona, uso wake ni wangu. Mimi, mwalimu wa vinyozi, nipimwe kwa puto!

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Pakiti nzima ya maputo imekwisha. Pa! Pa! Pa! Jirani kaja mbio kuuliza kama kuna majambazi. Mke wangu akafagia vipande vya mpira. Ufagio wake unaudhi kuliko maneno.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi kinyozi zangu ni za kumwaga. Kishikio changu cha wembe kinafunguka. Nikiutoa wembe ndani, nani atajua? Povu halihitaji makali.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Halafu mkasa.

Walikusanyika wote kwenye duka langu. Mkono ulicheza ngoma yake, lakini povu likatoka lote na puto likabaki zima, linang'aa. Mke wangu akalia kwa furaha. Mwanangu akanikumbatia, akasema alikuwa ameogopa sana kwa ajili yangu. Mpaka hapo, raha tupu.

Ndipo akaketi kwenye kiti, akajifunga taulo, akasema nimnyoe sasa hivi, kwa nini tungoje Jumamosi!

Lo! Wembe uko kwenye droo, macho yote yako kwangu. Na hata ningeupachika, mkono ule, juu ya koo la mwanangu? Sikuthubutu. Nikampaka povu, nikamnyoa kwa kishikio kitupu. Povu likaisha, ndevu zikabaki zote. Nikatangaza kwamba amependeza.

Akajipapasa shavu. Akachukua kishikio, akakifungua, akachungulia ndani. Hakufoka. Alisema hata kama puto lingepasuka asingejali. Alikuwa amekwisha kupanga na daktari twende wote wiki ijayo, na Jumamosi angenishika kifundo cha mkono tumnyoe pamoja, japo mstari mmoja.

Nikamjibu kwamba mimi si mtoto wa kushikwa mkono.

Akafuta uso, akavuka barabara. Nikaingia nyuma ya pazia. Glasi ya leo ilikuwa chungu. Nikaongeza nyingine kuondoa uchungu.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi. Maziwa kaketi safu ya familia! Nilikikagua kidevu cha bwana harusi ibada nzima, nikitafuta kasoro. Sikuiona hata moja, na iliniuma.

Wakati wa picha nilipewa glasi ya maji ya matunda. Ikaanza kumwagika yenyewe. Mwanangu akasogea, akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka picha zikaisha. Sikuutoa mkono. Kulikuwa na watu.

Jumapili, 10 Machi

Nimewaza sana. Mdogo wake bwana harusi naye anaoa Desemba, hivyo lazima nijue ukweli. Nimenunua pakiti mbili za maputo na kupachika wembe wa kweli.

Asubuhi, pakiti ya kwanza: yote yamepasuka.

Jioni, baada ya chupa ya pili, pakiti nyingine: sijapasua hata moja! Nimemwita mke wangu aje ashuhudie. Akasema yuko chumbani anafunga sanduku, anakwenda kukaa kwa mwanawe kwa muda. Basi, hasara yake.

Jambo limethibitika. Mkono wangu ni mzima kabisa, asubuhi ndiyo mbovu. Kesho nitamwambia mdogo mtu afunge ndoa jioni.