Kiwanja cha Rubondo na Pumzi za Bwana Laurent

Laurent hakuwahi kuuza kitu chake mwenyewe. Mali yake aliiheshimu mno, nayo ilikuwa chache: viatu vyeusi vinavyong'aa, tai moja, na mkoba usio na kitu ndani. Mali ya wengine ndiyo aliyoiuza, tena kwa upole wa kupigiwa mfano.

Siku hiyo alikuwa Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, Uganda, akila chapati na mayai kibandani, aliposikia Yonatani, mnunuzi wa mahindi mwenye tumbo kubwa, akilalamika. Alitaka kujenga ghala Nakivale, katikati ya wakulima, ayachukue mahindi yao kwa bei ya kutupa kabla wanunuzi wengine hawajaamka. Tatizo ni kwamba ardhi ya kambi ya wakimbizi haiuzwi. Laurent akaacha kutafuna. Alimwonea huruma, na huruma ya Laurent ilikuwa jambo la kuogopwa.

Akasogea, akajitambulisha kuwa mshauri wa mambo ya ardhi. Alisema huko Rubondo, mtaa wa kambi hiyohiyo, kuna kiwanja kipana, tambarare, kando ya barabara, kinakaa bure. Sheria ipo, alikiri kwa masikitiko, ila ina mlango wa nyuma na yeye ndiye anayeshika ufunguo. Yonatani alijua vizuri kwamba anadanganywa kuhusu sheria. Hilo halikumsumbua, maana ardhi isiyouzwa haina washindani.

"Ssebo, mimi nataka kuona na macho," alisema. "Jumamosi nakuja. Nikikuta iko tupu, nalipa hapo hapo. Nikikuta watu, narudi kwangu."

Na kiwanja hakikuwa tupu hata siku moja. Jioni vijana walicheza mpira, wazee walikaa pembeni na ubao wao wa igisoro, mchezo wa bao wa kwao, na kila Jumamosi asubuhi Warundi wa mtaa walikusanyika kwa mchakamchaka, kama walivyozoea kwao: mistari miwili, wimbo mmoja, wake kwa waume. Aliyewaongoza ni Mama Ancilla, mjane anayeuza dagaa. Alipofika Nakivale, presha ilimlaza kitandani hata akashindwa kubeba dumu la maji kutoka kisimani. Nesi akamwambia atembee. Akaanza kukizunguka kile kiwanja peke yake, akiwalilia watu aliowaacha Burundi. Mizunguko ikaongezeka, kilio kikapungua, majirani wakaungana naye. Sasa dumu analibeba mwenyewe, na usiku analala. Kumnyang'anya kiwanja ilikuwa ni kumrudisha kwenye kitanda kile, na hakuna kitu alichokiogopa kama kitanda kile.

Laurent aliyajua yote hayo, maana naye alikaa mtaa uleule. Akafunga tai, akamfuata sokoni.

"Mama Ancilla, batu ba santé banakuya siku ya samedi," alisema, yaani watu wa afya watakuja Jumamosi. "Banataka kuona kama mutaweza kukimbia mpaka kwenye njia panda ya Kabingo na kurudia. Mukiweza, bataleta magoli ya chuma, miti ya kivuli na mabenchi. Hii fasi itakuwa parc ya kweli."

Mama Ancilla akauliza maswali, na Laurent akamjibu kwa hotuba. Alieleza jinsi uwanja wa michezo unavyoshusha presha na sukari, unavyopunguza huzuni, na jinsi mahali pasipo na pa kuchezea panavyojaza hospitali. Maneno hayo aliyasoma kwenye bango la zahanati moja mjini, siku alipojificha humo akimkwepa mteja. Yote yalikuwa kweli, na yeye hakuamini hata moja.

Alipiga hesabu zake vizuri. Yeye mwenyewe, akienda kisimani tu, alipumzika njiani. Kwa mwendo huo, watu wa Rubondo wangefika njia panda wakiwa hoi na kurudi mchana wakikokotana. Hapo ndipo alipokosea: alipima pumzi za wengine kwa pumzi zake.

Jumamosi waliondoka wakiimba. Vijana wakafuata, na hata wazee wakabeba ubao wao wa igisoro wakaenda barabarani kushangilia. Kiwanja kikabaki na mbuzi. Yonatani akafika na pikapu yake, akakipima kwa hatua huku akihema, akachomeka vijiti pembeni, akatoa burungutu. Kwa mara ya kwanza mkoba wa Laurent ukawa na sababu ya kubebwa.

Ndipo ukasikika wimbo. Laurent alidhani ni redio ya jirani. Kisha vumbi likatokea, na ndani ya vumbi mistari miwili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitembea.

Mama Ancilla akasimama mbele ya mgeni na vijiti vyake. "Papa, wewe ndiye wa santé?"

"Santé gani, nyabo? Mimi nimenunua hapa."

Mama Ancilla akageuka kumtazama Laurent, lakini Laurent alikuwa ameshaondoka na mkoba wake.

Hadi kanisani alikimbia vizuri, lazima tumpe haki yake. Nyuma yake hakuna aliyeongeza mwendo. Walipanga mistari, Mama Ancilla akaanzisha wimbo, wakamfuata kwa mwendo wao wa kila Jumamosi. Kila alipogeuka aliwaona palepale, wanaimba. Kwenye mlima alilegeza tai. Mbele kidogo alivua viatu. Mwishowe aliketi juu ya kichuguu, akawakabidhi mkoba mwenyewe na kuomba maji. Na kwa kuwa katika mchakamchaka aliyechoka haachwi njiani, walimweka katikati, wakamshika mgongo, wakarudi naye wakiimba.

Yonatani alikuwa kwenye pikapu, anafikiri. Mama Ancilla akaweka mkoba mbele yake.

"Papa, hii feza ni yako, tunakurudishia. Lakini tutakurudishia mbele ya komanda wa kambi, umuelezee uliitoa ya kununua nini."

Yonatani alitazama kiwanja, akatazama umati, akafuta jasho. "Nani amesema kununua? Hiyo iko mchango."

"Mchango wa nini?"

Laurent, aliyekuwa amelala chali kwenye nyasi, alishindwa kujizuia. Mazoea ya kazi ni kitu kibaya.

"Ya magoli," alisema akihema. "Na miti. Na mabenchi."

Magoli yalisimama, miti ikapandwa, mabenchi yakaja. Siku ya kufungua, Yonatani alipigiwa makofi kama mfadhili na kupewa soda asiyoweza kuinywa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Mama Ancilla alimshauri aje Jumamosi, na aibu ikamleta.

Laurent naye hukimbia katikati ya mstari, Mama Ancilla nyuma yake. Usingizi wake umekuwa mzuri, jambo linalomuudhi sana. Katika maisha yake yote ya biashara, uwanja ule aliouahidi ndio bidhaa pekee aliyoiuza ikawafikia wateja nzima nzima, na hakupata hata shilingi.